Kwa Wifi

Pale chuoni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu, walinzi, wapishi, wanafunzi, wote walimwita Wifi, na chanzo ni mimi. Nilitangulia kuajiriwa, katibu muhtasi katika ofisi ya mkuu wa chuo, na mume wangu ni kaka yake wa tumbo moja. Siku aliyoripoti kazini kama fundi wa mitandao, mkoba wa vifaa begani, nilitoka mbio koridoni nikamkumbatia mbele ya watu: "Karibu wifi yangu!" Wiki hiyohiyo akawa juu ya ngazi anafunga darini vile visanduku vyeupe vya kurusha mtandao wa wifi. Watu wakaona mambo yamejipa, jina likaganda. Wanafunzi walikuwa wakipiga kelele chini ya ngazi, "Wifi, wifi haishiki!" Naye anajibu bila kugeuka, "Shikeni vitabu kwanza."

Si mtu wa kusahau. Mama mkwe husimulia kwamba alipokuwa darasa la tatu mwenzake alimwibia rula. Hakulia wala hakushtaki. Muhula mzima alichungulia kila rula iliyoingia darasani, mpaka siku moja ikatokea ile yenye alama ya meno yake pembeni. Akamsimamisha mwizi mbele ya darasa zima, akaing'ata rula palepale ili wote waone meno yanalingana. Mama mkwe akilisimulia hili hucheka.

Kazini alikuwa vilevile. Alikuwa na kipimo kidogo chenye taa nane. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyuzi nane. Ukichomeka kipimo, taa zinawaka moja baada ya nyingine, na isiyowaka ndiyo uzi uliokatika. Fundi mwingine akiona saba zimewaka na kompyuta inafanya kazi, anafunga mkoba anaondoka. Wifi alikuwa anakata kichwa cha kebo na kukibana upya mpaka ziwake zote nane. "Saba si nane," alikuwa akisema. Nilikuwa namwona msumbufu.

Bosi wake, mkuu wa kitengo cha kompyuta, tulimwita Tai. Ni tai ya shingoni. Hajawahi kuonekana bila hiyo, hata siku ya kupaka rangi ofisi. Lakini waliodhani ni ndege mla mizoga nao hawakukosea sana. Tai hakupenda kusimama. Ofisini kwake alikuwa na sofa, na kazi zote alizifanya akiwa amejilaza, kishikwambi tumboni.

Chumba cha mitihani kilikuwa ukuta mmoja na ofisi yake. Humo zilikuwamo kompyuta kumi na moja, printa moja na seva ya kutunzia mitihani, zote zimeunganishwa kwa kebo tupu. Mtandao huo haukugusana na mtandao mwingine wowote, na Wifi ndiye aliyeuchora hivyo kwa makusudi, kwa sababu kitu cha kebo unajua kinaishia wapi. Tundu moja tu la mtandao huo lilitoka nje ya chumba, likaingia kwa Tai, eti kwa ajili ya usimamizi.

Miaka mitatu iliyopita mtihani wa mwisho ulivuja. Mwanafunzi mmoja alikamatwa nao kwenye simu, akaletwa ofisini kwa Tai kuhojiwa. Tulikuwa watatu: Tai kwenye sofa, mwanafunzi amesimama, mimi na daftari langu. Tai akauliza, "Uliupakua kwa njia gani?" Mwanafunzi akajibu, "Kwa wifi."

Kumbukumbu zetu huandika majibu tu. Maswali tunayaacha, ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, ili muhtasari uwe mfupi. Nikaandika: Amekiri kuupata kwa Wifi. Herufi kubwa. Nilikuwa nimeliandika jina hilo kwenye barua na orodha mia moja kabla ya siku ile, na kidole kilikwenda chenyewe. Hilo ni kweli, na lingekuwa kweli tupu kama hadithi ingeishia hapo.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku tatu baadaye, watu tisa kwenye ukumbi wa mikutano. Mwanafunzi alikuwa ameshafukuzwa na kurudi kwao. Mwenyekiti akasoma muhtasari wangu, akafika kwenye lile neno, akasita, akamtazama Wifi. Tai akainuka, na kuinuka kwa Tai kulikuwa tukio. Akanyoosha tai yake. "Ndugu wajumbe, mtandao wa mitihani ni kebo tupu. Hauna wifi hata ya dawa. Wifi tuliye naye hapa ni mmoja, na funguo za chumba anazo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Wifi alicheka kwanza. Alidhani ni utani. "Mwanafunzi amesema wifi ya mtandao! Kuna mtu amechomeka kisanduku mahali. Nipeni saa moja nikitafute." Hawakumpa hata dakika. Wangempaje, na mtuhumiwa ni yeye? Akageuka akanitazama mimi, katibu, niliyekuwa ndani ya chumba kile.

Nilinyamaza. Jumapili iliyotangulia, nyumbani kwa mama mkwe, mbele ya wageni, Wifi alikuwa amemshika kaka yake mkono, akauzungushia vidole kama mtu anayepima unene wa kebo, akasema, "Kaka, tangu uoe umekonda." Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilicheka nao, lakini donge lilinikaa kooni wiki nzima. Pale ukumbini likanishauri: acha naye aonje kuchekwa. Nilijua atapewa onyo tu, siku mbili tatu zipite, nitaeleza. Hakupewa onyo. Alivuliwa ufundi na kupelekwa ghalani kuhesabu viti, na jioni ile, kama tulivyokuja kujua baadaye, kisanduku cha wifi cha Tai, ambacho hakuna aliyekiona, kilichomolewa.

Siku mbili zikawa tatu, tatu zikawa mwezi. Uongo wa kunyamaza una ubaya huo, hauna siku ya kuisha.

Mama mkwe alikitoa ukutani cheti cha ufundi cha binti yake, kile chenye fremu, akakiweka chini ya kitanda. Msumari ulibaki, na kila tulipokwenda kumsalimu macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye ule msumari. Mume wangu alikuwa ananiuliza, "Wewe ulikuwepo, hivi dada alisemaje kwenye kamati?" Namjibu kwamba mambo ya kamati ni siri.

Wifi hakuomba kazi kwingine, ingawa angepata. "Siendi popote," aliniambia ghalani, amekaa juu ya rundo la viti vibovu. "Nataka Tai alisimamie lile neno. Ukumbi uleule, watu walewale tisa, aseme kwa mdomo wake kwamba si mimi. Kisha nataka akae hapa nilipokaa. Msamaha waombe wanaouhitaji." Nilikuwa nampelekea chai kila saa nne. Watu walidhani ni upendo.

Mwaka wa pili, ndani ya boksi lililoandikwa "vifaa mbalimbali", alikuta kisanduku cha chuma kidogo kuliko daftari, chenye matundu manne, bado kiko kwenye nailoni yake. Kilinunuliwa zamani na mtu asiyejua matumizi yake. Nilipofika na chai alikuwa anakipangusa kwa upindo wa khanga yake, na uso wake ulikuwa na nuru niliyokuwa nimeisahau.

"Wifi, nimepata mbea," aliniambia. "Mbea asiyeongeza chumvi."

Akanionyesha. Kebo inayokwenda kwenye seva unaipitisha humo: inaingia tundu hili, inatokea lile. Mazungumzo ya kompyuta yanaendelea kama kawaida, hakuna anayehisi kitu. Lakini nakala ya kila kinachopita inatokea kwenye matundu mawili yaliyobaki, unachomeka kompyuta yako pembeni na kusoma nani anaongea na nani.

"Kwa nini matundu mawili ya kusikilizia?" nikauliza, ili tu nionekane nafuatilia. "Moja halitoshi?"

"Moja linamsikia anayeuliza, la pili linamsikia anayejibu." Alikuwa ananitazama. "Ukisikia jibu bila swali, wifi yangu, umesikia nini?"

Chai ilikuwa ya moto, nikaimeza hivyohivyo. Ulimi uliniwasha mpaka kesho yake.

Bahati yake, tulikuwa tumepata mkuu mpya wa chuo, mama mmoja mkavu aliyekuwa anasoma kila karatasi mpaka nyuma. Mitihani ilikuwa imekaribia. Wifi akaandika barua kwa mkono: anaomba kibali cha kukagua mtandao wa mitihani kwa siku tano, kwa kifaa cha chuo, na mkuu wa kitengo asijulishwe. "Bila sahihi ya Mkuu mimi ni mwizi wa kweli," alisema, akaniletea niichape. Yeye huchapa haraka kuliko mimi. Nilijiuliza kwa nini aniletee, kisha nikaacha kujiuliza, kwa kuwa jibu lilianza kuja.

Nilikaa na ile barua asubuhi nzima. Mlango wa Tai ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka mezani kwangu. Neno moja tu, "bosi, kaa macho", na kisanduku kingetoweka, Wifi angekamata hewa, na muhtasari wangu ungeendelea kulala kabatini. Nilisimama mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka mlangoni, nikamsikia ndani anakoroma, nikarudi nikaichapa. Mkuu akatia sahihi kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu Wifi akaingia chumba cha mitihani na daftari la viti, akamweka mbea kwenye kebo ya seva, akakaa nyuma ya kabati na kompyuta yake ya zamani yenye herufi zilizofutika. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya kuzaliwa, haifanani na ya mwingine. Alikuwa na orodha: kompyuta kumi na moja na printa, namba kumi na mbili za wageni halali wa seva ile. Jumatatu zilikuwa kumi na mbili. Jumanne zilikuwa kumi na mbili. Tai alipita akachungulia mlangoni. "Wifi, viti vimetimia?"

"Bado kimoja, bosi," akajibu. "Nakitafuta."

Tai akacheka, akaenda kujilaza.

Jumatano saa nne ikatokea namba ya kumi na tatu. Nusu saa baadaye, nyuma yake, zikaanza kumiminika namba za kuzaliwa za simu: tatu, tisa, kumi na sita. Tai alikuwa amechomeka kisanduku cha wifi kwenye lile tundu la ofisini kwake ili asome mitihani akiwa kwenye sofa, na hakukiwekea hata neno la siri, kwa uvivu uleule. Mawimbi yalivuka ukuta mpaka kwenye bweni la jirani. Wanafunzi waliyajua zamani kuliko sisi.

Alikwenda kwa Mkuu palepale, hakusubiri siku tano. Mkuu akaamuru mtihani halisi uondolewe kwenye seva na uwekwe wa mwaka juzi. Kufikia Ijumaa simu thelathini na nne zilikuwa zimeuiba mtihani wa mwaka juzi, na bweni zima likawa linakesha kwa maswali yasiyokuja.

Ijumaa saa tisa alasiri tukaingia ukumbini. Wifi alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba wawe wale tisa, na Mkuu akawaita wote, hata mmoja aliyekuwa likizo. Akaweka mezani mbea na kompyuta yake. Akaeleza bila haraka, kama anayefundisha darasa la kwanza: namba kumi na mbili, kisha hii ya kumi na tatu. Saa ilizoingia, hizi hapa. Saa za Tai kufika ofisini kwenye daftari la mlinzi, hizi hapa. Zinalingana.

"Njama," alisema Tai. "Mhesabu viti atanifundisha mimi mtandao?"

Mkuu akamtuma mlinzi na wajumbe wawili. Walirudi na kisanduku cheupe. Kilikuwa chini ya sofa, kimefungwa kwenye mguu kwa tai kuukuu ya rangi ya kahawia. Mjumbe mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

Ningependa kusema Tai alikiri. Watu wa aina yake hawakiri wakiwa bado na mlango wa nyuma. Alijifuta uso, akasema, "Sawa. Kisanduku ni changu, nimekiweka mwezi huu, ni uzembe. Lakini mwaka ule? Someni kumbukumbu! Mwanafunzi mwenyewe alimtaja. Kwa Wifi. Herufi kubwa. Nani ameandika, si ndugu yake mwenyewe?"

Faili likaletwa. Mkuu akasoma ile sentensi, akageuza karatasi nyuma, kama kawaida yake, hakukuta kitu. Wifi hakumtazama Tai. Alinigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya ofisini kabisa.

"Katibu. Swali lilikuwa nini?"

Macho kumi na tisa ya wajumbe na Mkuu yalikuwa juu yangu, maana mjumbe mmoja ana chongo, na nakumbuka niliyahesabu, ujinga gani huo. Nilimwona Tai akitikisa kichwa polepole, akiniomba. Miaka miwili alikuwa ananisalimia vizuri kuliko wote pale, na sikuwa nimejiuliza kwa nini.

"Swali lilikuwa," nikasema, "uliupakua kwa njia gani. Mwanafunzi akajibu, kwa wifi. Ya mtandao. Mkuu wa kitengo alijua. Na mimi nilijua."

"Ulijua tangu lini?" akauliza Mkuu.

"Tangu siku ile ile."

Wifi akavuta pumzi, akamgeukia Tai. "Sasa sema."

Tai alitazama kila mtu akitafuta wa kumtetea. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kisanduku kilikuwepo tangu mwaka ule. Wifi akamwambia watu wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Akamwambia ataje jina. Akasema, "Si Wifi." Akamwambia ana jina alilopewa na wazazi wake, na Tai, aliyefanya naye kazi miaka sita, hakulijua. Ilibidi asome kwenye faili. Wifi alimwacha alisome mara mbili.

"Nimefurahi," alisema alipomaliza. "Sitajifanya mtu mwema. Nimefurahi sana." Akatoa mkobani daftari la ghala na bunda la funguo, akavisukuma mezani mpaka mbele yake. "Viti mia nne na kumi na viwili. Kimoja hakina mguu, usikikalie."

Mkuu alimsimamisha Tai kazi kabla hata hajaligusa daftari, lakini naambiwa alilibeba mpaka nyumbani bila kujua. Wifi alirudishiwa vifaa vyake na kitengo chote juu. Mimi nilipewa barua ya onyo kali, na kwa kuwa ofisi ina katibu mmoja, niliichapa mwenyewe, herufi kubwa mahali pake.

Nilimkuta koridoni jioni ile, amechuchumaa anapima kebo. Nikamwambia nisamehe. Aliangalia taa zake zinavyowaka moja moja.

"Nilijua kwamba unaficha tangu nilipoona ile herufi kubwa kwenye muhtasari," alisema. "Barua ya kibali ningeweza kuichapa mwenyewe. Nilikuletea nione. Hukwenda kumwambia Tai, nashukuru. Hizo ni taa saba." Akachomoa kipimo. "Lakini siku tano nzima ulikuwa na mdomo, na ulisubiri niulize mimi."

Akachukua koleo, akakata kile kichwa cha kebo, akakitupa ndooni. Nikaondoka.

Jumapili tulikwenda kwa mama mkwe, mimi na mume wangu na watoto. Cheti kilikuwa kimerudi kwenye msumari wake, kioo kimefutwa. Watoto wakamkimbilia shangazi yao, akawabeba wote wawili kwa mpigo. Akamkumbatia kaka yake, akamshika mkono, hakusema amekonda. Kisha akanifikia mimi. Mama mkwe alikuwa anatazama, mume wangu anatazama, na wageni wale wa siku ile walikuwepo. Akanipa mkono kwa adabu zote, mkono mmoja, kama anavyowapa wageni wa chuo.

"Karibu, Katibu," akasema.

Mwaka umepita sasa, na hajawahi kuniita vinginevyo.